Jumapili ya Nne ya Mama Kibao

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake marehemu wa stesheni, asanteni kwa kuvumilia jua hili. Nimepewa kazi ya kusoma habari za maisha ya dada yangu kwa sababu, kati ya watoto wa baba na mama yetu, nimebaki mimi peke yangu. Nimeambiwa nisome kwa ufupi na nisitoke nje ya karatasi. La kwanza nitajaribu. La pili siahidi, na marehemu angekuwa hapa angewaambia mapema msijisumbue kunizuia.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Mei 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za matofali zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya karakana. Baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa na mama alikuwa akifua nguo za watu. Yeye alikuwa kifungua mimba. Mimi nilikuja baada ya miaka minne. Mama alituhadithia kwamba alipozaliwa hakulia, mkunga akampiga piga mgongoni hakulia, mpaka treni ya mizigo ilipopita na kupiga honi, ndipo na yeye akaachia sauti. Mimi sikuwepo lakini naamini kabisa. Dada yangu hakuwahi kukubali kushindwa kwa kelele.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza mwaka 1967. Alipenda hesabu na jiografia, na alifaulu kuendelea na masomo ya sekondari. Mwaka huohuo baba alivunjika mguu karakanani. Nyumba ikayumba, na marehemu akabaki kumsaidia mama kufua. Mbele yetu hakulalamika hata siku moja. Alilia mara moja bafuni, akidhani sauti ya maji inamficha, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo begani nikingoja zamu yangu ya kuoga. Alipotoka aliniambia sabuni imemwingia machoni. Nikasema pole.

Tangu hapo alijiwekea nadhiri kwamba wiki haitapita bila kujifunza kitu, kiwe na faida kisiwe na faida. Alisoma masomo ya jioni, akajua kupiga taipu. Alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka hamsini na kitu, mumewe akishika kiti na kukimbia nyuma yake huku akihema na kumwomba apunguze mwendo. Alijifunza kupiga mluzi akiwa tayari amestaafu, na majirani mliopo hapa mnajua tulivyoteseka. Na siku moja stesheni alifika abiria asiyesikia, namba ya mzigo imempotea, akashindwa kueleza begi lake lilivyo, akaondoka analia. Marehemu alirudi nyumbani hakula. Wiki iliyofuata alimtafuta mwalimu wa watoto wasiosikia, akamwomba amfundishe ishara za mikono: begi, kubwa, dogo, jekundu, pole, subiri, safari njema. Yule abiria alipopita tena baada ya miezi kadhaa, alikuta mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu kazi. Marehemu aliajiriwa stesheni tarehe 1 Februari 1974 kama karani wa tiketi. Mwaka 1976 alihamishiwa chumba cha kuhifadhia mizigo, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2012. Kwa wasiokijua, ni chumba chenye dirisha pana na kaunta ya mbao iliyochakaa katikati kwa kuburuziwa mabegi. Msafiri anaacha mzigo, anapewa kibao cha shaba chenye namba, na kibao kingine cha namba hiyohiyo kinafungwa kwenye mzigo. Akirudi anatoa kibao, anapewa mzigo wake. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Kibao. Wageni wa stesheni walipolisikia walidhani ni mama anayechapa watu, wakawa wanapanga foleni vizuri sana, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Wengine waliiona kazi hiyo ni adhabu. Hakuna hewa, vumbi limejaa, na mgongo unauma. Yeye alikataa kupandishwa cheo mara mbili ili asiondoke pale dirishani. Nilimuuliza, dada, una akili kweli? Akaniambia, "Mtu akiacha mzigo, moyo wake unabaki huku hata akienda kula. Akirudi akauona, uso wake unalegea. Kwa nukta moja hivi hana shida yoyote duniani. Mimi nalipwa mshahara kuangalia sura hiyo, wewe unataka nikakae ofisini niangalie ukuta?"

Ndoa. Mumewe, ambaye ametangulia, alikuwa fundi wa saa aliyekuja kurekebisha ile saa kubwa ya stesheni. Kazi ilikuwa ya siku mbili, lakini saa iliharibika wiki kadhaa mfululizo, na mpaka leo hakuna aliyepata maelezo ya kuridhisha. Kila asubuhi fundi aliacha begi dirishani kwa marehemu, kila jioni akaja kulichukua. Siku moja marehemu akalinyanyua kwa kidole kimoja, akamuuliza, "Fundi, mbona mzigo wako hauna uzito?" Fundi akajibu, "Uzito nimebaki nao mimi." Begi lilipofunguliwa lilikuwa na magazeti ya zamani tu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, na saa ya stesheni haikusimama tena.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 1982 na wa kike mwaka 1989. Huyu wa kike ndiye kitindamimba, ndiye mwalimu wa chekechea mnayemfahamu, na nitarudi kwake, kwa hiyo asijifiche nyuma ya nguzo.

Sasa niseme habari ya Jumapili, maana bila Jumapili mtakuwa hamkumjua dada yangu.

Pale stesheni, mizigo isiyorudiwa na wenyewe ilikuwa ikifunguliwa mwisho wa mwaka. Marehemu alikuwa mmoja wa waliofungua. Mwaka 1991 alirudi nyumbani kutoka kwenye kazi hiyo, akaketi mezani bila kuvua koti lake la bluu la kazi. Alisema wamekuta viatu vipya ambavyo havijawahi kukanyaga chini, mashati yanayofanana kama mapacha, sabuni zilizonunuliwa kwa katoni, na hakuna mtu aliyekuja hata kuuliza. "Watu wanatamani, wananunua, wanabeba, wanasahau," akasema. "Sisi hapa tutakuwa tunaulizana." Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, kabla vyombo havijaondolewa mezani, kila mtu alitakiwa kujibu: wiki hii umetamani nini, umefurahia nini kidogo, umejifunza nini, na umepunguza nini. Desturi hiyo tuliiita Zamu. Haikuwa na udhuru. Mgeni akikutwa mezani, na yeye alijibu.

Furaha ilipaswa kuwa ndogo. Ukileta kubwa alikurudisha. Mwanawe wa kiume aliwahi kusema amefurahi kupata kazi, akaambiwa, "Hiyo tunaijua, tumeshapiga vigelegele. Nipe ndogo." Akafikiri, akasema amefurahi kwamba zipu ya begi lake imefunga bila kulazimishwa. Marehemu akaridhika kabisa.

Katika kupunguza, ukweli usemwe, alizidisha. Aliamini kila kipya kikiingia ndani, cha zamani kitoke, na hakuuliza sana cha zamani ni cha nani. Mwanawe alipomletea televisheni kubwa, iliishia chumba cha mapumziko cha wachukuzi. Koti la mumewe, koti alilolipenda kuliko watu wengi ninaowajua, alimpa mchukuzi mmoja. Shemeji alikutana nalo kituo cha basi. Akalisalimia, "Hujambo, bwana koti," akapanda basi akaja nyumbani na baridi yake. Siku tatu hakumsemesha mkewe. Kuomba radhi haikuwa sanaa yake dada yangu, lakini Jumapili ilipofika alisema, mbele yetu sote, kwamba wiki hiyo amejifunza koti linaweza kuwa la mtu. Na mimi nilikuwa na mwavuli wa mpini wa mbao. Naishia hapo.

Lakini matamanio, hayo alikuwa na sheria yake. Tamanio likitajwa, halitimizwi. Linasubiri. Ukilirudia Jumapili ya pili, na ya tatu, na ya nne, basi nyumba nzima inakaa chini kupanga namna ya kulitimiza. Ukiruka moja, unaanza upya. Alisema tamanio la kweli lina miguu, litarudi lenyewe. Na kweli, mengi hayakufika ya tatu. Kitindamimba alitamani mbwa wiki mbili, wiki ya tatu akataka koti la mvua. Mimi mwenyewe kuna mwezi nilitamani mume mwingine. Wiki ya tatu nikasahau kumtaja, na yule wa mwanzo yupo pale amekaa, ananikodolea macho. Yaliyofika ya nne yalitimizwa, hata kwa shida. Baiskeli ya kijana ilifika ya nne. Ualimu wa kitindamimba ulifika ya nne. Tuliishi na sheria hiyo, tukalea nayo watoto wetu, na hatukuwahi kuiona kuwa inaweza kutuumiza.

Ugonjwa ulianza Agosti mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akasema moyo umepanuka. Marehemu alimuuliza kama si hiyo ndiyo sifa ya moyo mzuri. Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka na kumweleza taratibu. Alilazwa mara mbili, akarudi nyumbani Januari, akakaa katika chumba chake chenye kitanda, kiti na kabati moja. Kitindamimba aliomba likizo akamuuguza. Alimwogesha, alimgeuza, alimsomea, alimnywesha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa nikienda mchana kumpokea, na nilikuwa nikiondoka najua dada yangu yuko mikononi mwa mtu.

Zamu haikusimama. Meza tulihamishia kando ya kitanda. Jumapili ya tarehe 16 Februari, zamu yake ilipofika, alisema, "Natamani kukaa tena pale dirishani. Nimkabidhi mtu mmoja tu begi lake, nimwangalie usoni." Hakuwa ametamani kitu kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi kitindamimba alipiga simu stesheni, na msimamizi wa sasa wa mizigo akasema mleteni hata leo. Akatafuta gari, akatafuta kiti cha magurudumu, akamwambia mama yake twende. Marehemu akamuuliza, "Jumapili ngapi hizo?" Akajibu moja. "Basi."

"Mama, wewe unaumwa."

"Kwa hiyo wanaoumwa wana sheria yao? Nani kaiweka?"

Tarehe 23 alirudia. Tarehe 2 Machi alirudia tena, sasa kwa kupumzika katikati ya maneno, na alipomaliza akamgeukia binti yake akatabasamu, akasema, "Bado moja." Ni kweli kabisa kwamba wiki ile alichangamka. Alikula. Alituambia foleni ya dirishani ilivyokuwa siku za likizo za shule. Kitindamimba alitoa lile koti la kazi la bluu, kimoja kati ya vitu vichache ambavyo marehemu hakuvipunguza, akalifua, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni ambapo mama yake angeliona.

Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kitindamimba alikuwa akimkata kucha ili mikono iwe safi kwa ajili ya Jumapili. Alikuwa amemaliza mkono wa kulia. Alipochukua wa kushoto, marehemu alivuta pumzi, akaiachia, na nyingine haikufuata. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Nilifika nikamkuta binti bado ameushika ule mkono. Nilimwomba auache, akaniambia, "Mama mdogo, bado huu." Basi nikakaa, akamalizia. Kisha akasema neno ambalo amekuwa akilisema wiki nzima hii, na ambalo ndilo limenifanya nitoke nje ya karatasi. Alisema, "Ningembeba tu. Ile Jumatatu ya kwanza ningembeba kwa nguvu."

Tangu siku hiyo hali chakula, maji anakunywa kwa kuombwa, na Jumapili iliyopita, ile ya nne, tulipokaa mezani yeye alibaki amesimama uani. Hakuna aliyejibu swali lolote. Tulitazama vyombo.

Mwanangu, sikiliza, nasema mbele ya watu ili usije ukanikana. Ungembeba ukampeleka wapi, yule? Baba yako alimbembeleza miaka thelathini na kitu hakuweza kumpeleka mahali ambapo hakutaka kwenda. Mimi nilimwomba mwavuli wangu nikiwa na haki zote. Ungemfikisha stesheni kwa nguvu, angekaa pale dirishani amekunja uso, akakwambia hii haihesabiki, nirudishe nyumbani. Sheria ilikuwa yake. Aliishika mwenyewe, akiwa na akili zake, na alikuwa na raha kuingoja. Mimi nilimwona wiki ile na wewe ulimwona. Inaniuma kwamba hakufika. Inaniuma sana, na nimemkasirikia, na leo namzika nikiwa bado nimemkasirikia kidogo. Lakini wewe hukumnyima kitu. Huo mzigo unaoubeba hauna namba yako.

Kesho ni Jumapili. Zamu itakuwepo, nami nitakuwa wa kwanza kujibu, na ninatangaza hapa kwamba nimejifunza kitu: mgonjwa akitamani, mara moja yatosha. Kama marehemu ana pingamizi, tutaonana huko.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume na mkewe, mtoto wa kike, wajukuu wanne, mdogo wake ambaye ndiye mimi, shemeji yake anayenikodolea macho, na watu wengi wa stesheni ambao yeye aliwaita wenzangu na kamwe hakuwaita wafanyakazi. Ametanguliwa na mumewe, fundi wa saa, mwaka 2016.

Nina ombi moja na nimemaliza. Ninyi mliotoka mbali mnajua nyumba ya marehemu haina pa kuweka vitu. Mlipoanza kufika Jumatatu, kitindamimba, bila kutumwa na mtu, aliyapokea mabegi yenu mlangoni, akayapanga chumba cha mbele, akakata vipande vya kadibodi na kuviandika namba. Kimoja amekifunga kwenye begi lako, kingine kiko mfukoni mwako sasa hivi. Sijui kama alijua anachofanya. Mimi nilimwona nikaenda jikoni kulia.

Baadhi walitaka lile koti la bluu tumzike nalo. Nimekataa. Tukirudi kutoka hapa, atalivaa binti yake na kusimama pale mlangoni. Tafadhalini, asiingie mtu kujichukulia begi lake kwa mlango wa nyuma, hata kama basi linaondoka. Pangeni foleni. Toeni namba zenu mmoja mmoja, mngoje. Na begi likifika mkononi mwako, usigeuke haraka ukaondoka. Mwangalie binti, na umwache na yeye akuangalie usoni.

Dada, pumzika. Tunakwenda kuchukua mizigo yetu.